Mkutano wa Utaratibu Utangulie Mkutano wa Mradi

Vijiji vya Kata ya Chanzuru, kama vilivyo vijiji vingine vya Wilaya ya Kilosa, vimezoea kuitwa mkutanoni. Mwananchi huitwa kuchagua viongozi, kusomewa mapato na matumizi, kuchangia ujenzi wa darasa, au kuzungumzia ulinzi wa mazao. Siku hizi huitwa pia kuelezwa habari za miradi mikubwa: reli, barabara, tuta la mto, njia ya umeme, bwawa. Mikutano hii ya mwisho haifanani na ile mingine, kwani mtu huweza kuingia akiwa na shamba na kutoka akiwa na ahadi ya fidia. Kwa sababu hiyo tunaona ni wajibu wetu kuuliza swali ambalo mara nyingi hurukwa: mikutano hii huendeshwa kwa utaratibu gani, na ni nani aliyeupanga utaratibu huo?

Maoni yetu ni haya. Kabla ya wananchi kuitwa kuujadili mradi wenyewe, waitwe kwanza kwenye mkutano mfupi wa kupanga utaratibu. Katika mkutano huo usijadiliwe uzuri wala ubaya wa mradi. Yapangwe tu mambo yatakayowawezesha wananchi kuujadili mradi kwa haki utakapofika wakati wake: nyaraka zitakaa wapi, zitasomwa kwa lugha gani, siku na saa ya mkutano, nani atakuja kujibu maswali, nani asikose kusikilizwa, na yaliyosemwa yataandikwa na kuthibitishwa vipi. Jambo hili laonekana dogo. Tunaamini kwamba haki nyingi za wanakijiji hupotea kwa sababu ya kulidharau.

Kilosa si wilaya ngeni kwa miradi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma mwaka 1914, na njia yao ikapita Kimamba na Kilosa. Mashamba makubwa ya mkonge yakaifuata reli. Katika zama hizo za ukoloni mwenyeji hakuwa na mahali pa kuuliza wala pa kuulizwa. Mipaka iliyowekwa wakati ule ndiyo ambayo wajukuu wake wamekuwa wakiihangaikia hadi baada ya Uhuru, wakitafuta pa kulima kandokando ya mashamba ambayo wenyewe hawakushiriki kuyagawa.

Karne mpya ilipoingia, wilaya yetu ilionja uchungu wa ardhi kwa namna ambayo hakuna anayetaka kuiona tena. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 walipoteza maisha katika mapambano ya wakulima na wafugaji. Mwezi Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta, ukazoa nyumba na mashamba, ukaikata reli, na maelfu ya watu wakaishi katika mahema. Yeyote aliyeyaona hayo hahitaji kuelezwa kwamba mahali litakapojengwa tuta, na upande wa mto utakaolindwa, ni suala la uhai wa watu.

Kisha ikaja reli ya kisasa. Septemba 2017 ulitiwa saini mkataba wa kipande cha Morogoro hadi Makutupora, chenye kilomita 336 za njia kuu. Mahandaki yakachimbwa katika milima ya Kilosa, kituo kikajengwa, na ilipofika Julai 2024 abiria walianza kusafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Sisi ni miongoni mwa waliofurahi. Hatuna ugomvi na reli, wala na barabara ya lami, wala na umeme. Nchi isiyojenga haiwezi kuwalisha watu wake. Tunachosema ni kwamba mradi mmoja huvuta mwingine. Penye kituo cha reli yatakuja maghala, barabara za kuingilia, viwanda na viwanja. Kwa hiyo mikutano ya kuwaita wananchi kuelezwa habari za ardhi yao haijaisha, na huenda ndiyo kwanza inaanza. Huu ndio wakati wa kuitengeneza.

Sheria zetu hazimdharau mwanakijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeuweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, kuwa chombo cha juu katika mambo ya sera ya kijiji, na umepangiwa kukutana kila baada ya miezi 3. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaeleza hatua za kufuatwa pale inapotakiwa kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Ilani itolewe, siku zisizopungua 90 zipite, afisa mwenye mamlaka afike mbele ya wanakijiji, aeleze sababu na kujibu maswali, na aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kuilipa vikubaliwe. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyapima maoni ya kijiji.

Upande wa mazingira nao haukusahauliwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, mradi mkubwa hauanzi kabla ya athari zake kuchunguzwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi atangaze kusudi lake, aitishe mikutano na watakaoguswa, apeleke taarifa ya mkutano angalau wiki 1 kabla, na achague mahali na saa zinazowafaa wananchi. Zinataka pia ripoti ya uchunguzi iwe na ufupisho wa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kuhusu fidia, sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike upesi, ndani ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, na uthamini wenyewe hupoteza nguvu ukipita miaka 2.

Hata hivyo lazima tuseme ukweli wote. Kwa miradi ya umma kama reli na barabara ipo pia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, inayompa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Hapo ndipo wengine husema: kama ardhi itatwaliwa kwa vyovyote, mkutano wa nini? Sisi tunaliona jambo hili kwa upande wa pili. Mtu asiyeweza kukataa amebakiwa na haki tatu, nazo ni kujulishwa, kusikilizwa na kulipwa kwa haki. Zote tatu hupita katika mlango wa utaratibu. Mlango huo ukifungwa, hana tena mahali pa kuingilia.

Sasa pengo liko wapi? Sheria inasema mkutano ufanyike, lakini kazi ya kuuandaa, kwa kiasi kikubwa, imeachwa mikononi mwa mwenye mradi na watu wake. Wao ndio wanaochagua siku. Wao ndio wanaokuja na ramani. Wao ndio wanaojua mkutano utahusu nini na hautahusu nini. Mwanakijiji hukutana na siku, ramani na ajenda kwa mara ya kwanza akiwa tayari amekaa chini ya mwembe, na katika saa hizohizo mbili au tatu hutazamiwa aelewe, apime, aulize na aseme ndiyo au hapana.

Hatusemi kwamba kila mkutano uko hivyo. Ipo mikutano iliyoandaliwa vizuri na maofisa wenye kuheshimu kazi yao. Lakini nani kati yetu asiyeujua mkutano wa namna nyingine? Tangazo hupigwa jioni, mkutano ni kesho yake. Siku yenyewe ni ya gulio, au ni katikati ya palizi, wakati mkulima akiacha shamba siku moja ngedere na magugu hawamsubiri. Wageni walioahidi kufika saa 4 asubuhi hufika saa 8 mchana, akina mama wengi wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani kwa watoto na maji. Ramani hutundikwa ikiwa na maandishi ya Kiingereza. Hotuba huwa ndefu, maswali huwa matatu, na la nne hujibiwa kwamba litashughulikiwa. Mwisho hupitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu atie saini au dole gumba.

Karatasi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko yote. Aliyetia saini alidhani anathibitisha kwamba alikuwapo. Karatasi ikifika mjini na kubanwa nyuma ya ripoti, huweza kusomwa kwamba aliridhia. Miezi ikapita, vijana wakaja na vigingi na rangi, nyumba zikapigwa alama ya X, na mwenye nyumba akienda kuuliza huonyeshwa saini yake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Siku hizi mali huweza kupotea pamoja na daftari, iwapo mwenye mali hakujua daftari liliandikwa nini.

Kasoro ya aina hii imekwisha kupimwa na chombo cha sheria kwa jirani zetu wa Kenya. Septemba 2016 kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya mazingira ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Wananchi walipinga mbele ya baraza la taifa la mashauri ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni na kuamuru kwamba, mradi ukitakiwa, uchunguzi ufanywe upya. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa. Baraza liliona kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya utangulizi, ilifanyika kabla matokeo ya uchunguzi hayajajulikana, na wananchi hawakurudiwa ili waelezwe athari zilizogunduliwa na kutoa maoni yao juu yake. Kwa maneno mengine, watu waliulizwa wakati hawajapewa cha kujibia.

Tunaomba wenye miradi waisome hukumu hiyo kwa makini kuliko hata wanakijiji. Mwekezaji aliyedhani ameokoa muda kwa mikutano ya haraka alipoteza karibu miaka 3 tangu apate leseni, kisha akaipoteza na leseni yenyewe. Laiti ingalipangwa mapema, kwa makubaliano ya wazi, ni mikutano mingapi itafanyika, upi kabla ya uchunguzi na upi baada yake, na katika kila mmoja watu wapewe nyaraka gani, ubishi huo ungekosa mahali pa kusimama.

Kupanga mapema namna hiyo si ndoto. Uingereza, kwa sheria yake ya mipango ya mwaka 2008, imeufanya kuwa hatua ya lazima. Mtu akiomba kibali cha kujenga mradi mkubwa wa kitaifa, kama kinu cha umeme, bandari au barabara kuu, huteuliwa mkaguzi au jopo la wakaguzi kuyapima maombi yake. Kabla ya kuanza kupima, wakaguzi huwaita wote wenye kuguswa kwenye mkutano wa awali. Mkutano huo hauzungumzii kama mradi ni mzuri au mbaya, na anayeanza kuuponda au kuusifu huambiwa angojee. Huzungumzia utaratibu pekee: masuala makuu ni yapi, maandishi yapelekwe lini, vikao vya kusikilizana vifanyike wapi, na eneo la mradi litembelewe siku gani. Baada ya hapo hutolewa ratiba iliyoandikwa, na kazi yote ya kupima hupaswa kumalizika ndani ya miezi 6.

Ni vizuri pia kujua kwa nini walifika huko. Uchunguzi wa jengo la tano la abiria katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulianza mwaka 1995 na kuendelea kusikilizwa hadi mwaka 1999. Uamuzi ulitoka mwaka 2001. Waliochoshwa na ucheleweshaji wa namna hiyo ndio waliotunga taratibu mpya, na katika taratibu hizo za kuharakisha wakauweka mkutano wa kupanga mambo. Hatusemi Kilosa iige Uingereza. Huko nako wananchi hulalamika kwamba nyaraka ni nyingi mno na wanasheria ni wa gharama. Lakini funzo lao ni wazi: saa mbili za kupanga mwanzoni huokoa miaka ya kubishana mwishoni.

Basi mkutano wa utaratibu katika kijiji cha Chanzuru, au katika kijiji chochote cha Kilosa na Mikumi, ungeshughulika na nini? Tunapendekeza mambo sita.

Kwanza, nyaraka. Ikubaliwe kwamba ramani, ufupisho wa ripoti kwa Kiswahili na ilani ya ardhi vitakaa ofisi ya kijiji, katika mikono ya Mtendaji, na yeyote anaweza kuvisoma au kusomewa. Ramani ioneshe vitongoji, mito, visima, makaburi na njia za mifugo kwa majina yanayotumiwa na wenyeji. Ramani ya namba tupu haimsaidii mkulima kulitambua shamba lake.

Pili, siku na saa. Kijiji chenyewe kiseme siku zake za gulio, za ibada na za kazi nzito za shamba. Kama masika imefunga barabara ya kitongoji fulani, mkutano ufuate watu kitongojini kwao.

Tatu, wa kusikilizwa. Mkutano mmoja wa hadhara haumsikilizi kila mtu. Wapo wajane wanaolima mashamba yenye majina ya mashemeji. Wapo vijana wanaokodi. Wapo wafugaji walio malishoni, ambao ardhi ikitwaliwa watalazimika kuhamia kwa wengine, na sisi wa wilaya hii tunajua jambo hilo huweza kuishia wapi. Ikubaliwe mapema nani atafuatwa alipo, na nani atasema kwa niaba ya nani.

Nne, wa kujibu. Atajwe kwa cheo: mhandisi, mthamini, afisa ardhi, afisa mazingira. Mara nyingi swali la fidia hupelekwa kwa mhandisi ambaye kazi yake ni nondo na kokoto, naye hujibu kwa nia njema jambo asilo na mamlaka nalo. Ikijulikana mapema nani atakuwapo, swali litampata mwenyewe.

Tano, kumbukumbu. Mwandishi wa muhtasari awepo wa kijiji pamoja na yule wa mradi. Muhtasari usomwe mbele ya watu kabla hawajatawanyika, wenye kusahihisha wasahihishe, na nakala moja ibaki kijijini. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba saini ni ya mahudhurio tu. Kama kuna jambo la kuridhia, liwe na karatasi yake na siku yake.

Sita, marejeo. Itajwe siku ambayo wenye mradi watarudi kueleza maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani. Mwananchi aliyekataliwa kwa sababu iliyoelezwa hubaki na heshima yake. Aliyepuuzwa hubaki na kinyongo, na kinyongo hakina tarehe ya kumalizika.

Yapo mapingamizi, nasi hatuyakwepi. La kwanza ni la kuchelewa. Tumekwisha kulijibu kwa mifano ya Lamu na Heathrow, lakini tuongeze jambo moja. Mkutano huu hauhitaji siku ya pekee. Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutana kila baada ya miezi 3, na sheria imeweka siku 90 za ilani. Utaratibu wa mradi unaweza kuwa ajenda moja katika mkutano wa kawaida, na ilani isiongezwe hata siku moja.

Pingamizi la pili ni kwamba wananchi wakijua mapema, wapo watakaopanda miche usiku na kusimamisha vibanda ili waongeze fidia. Ni kweli wapo, na hatuwatetei, maana wanamwibia mlipa kodi ambaye ni jirani yao. Lakini watu hao hawangojei mkutano. Hao hutangulia kupata habari, mara nyingi kutoka kwa mtu aliye karibu na ofisi, wakati mwenye shamba halali hajui lolote. Dawa ni kuitangaza hadharani siku ya mwisho ya kuhesabu mali, na kuzihesabu mchana mbele ya majirani, ambao wanajua mwembe upi una miaka kumi na upi una siku kumi.

La tatu ni kwamba mambo ya reli na madaraja ni ya kitaalamu, hivyo mwanakijiji hana la kusema. Mkutano tunaoupendekeza haumwombi apime uzito wa nguzo. Unamwomba aseme mto hufurika hadi wapi, mwezi gani barabara haipitiki, na watoto huvuka wapi kwenda shule. Hayo ndiyo anayoyajua kuliko mhandisi yeyote, na mhandisi mwerevu huyatafuta. Kivuko cha mifugo kilichosahauliwa kwenye mchoro huja kujengwa baadaye kwa gharama kubwa zaidi, au hakijengwi, na ng'ombe na watu wakakutana na treni.

Historia ya nchi yetu yenyewe inatufunza. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa vijijini. Nia ilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, na wengi walivipata. Lakini katika sehemu nyingi ardhi iligawanywa upya kwa haraka, bila utaratibu wa kumsikiliza aliyekuwa akiimiliki kwa mila. Miaka ilipopita, wenye ardhi wa zamani wakaenda mahakamani. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuzifuta haki zile za mila na kuzuia madai yake, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, isiyoweza kuchukuliwa bila fidia ya haki. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ambayo mengi yangeweza kusikilizwa kijijini miaka 20 kabla. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta huo taifa limeujenga kwa gharama kubwa.

Haki haiji bila wajibu, na wananchi nao tunawaambia la kwao. Mkutano wa utaratibu utakuwa bure kama watu hawatahudhuria. Tumezoea kujaa mkutano wa kugawiwa na kukosekana katika mkutano wa kupanga. Tumezoea pia kumchagua mwenyekiti kwa ukoo au kwa urafiki, kisha tukashangaa anaposhindwa kusimama mbele ya wageni wenye magari na kompyuta. Na anayefika mkutanoni kupinga kila kitu kwa sababu tu kinatoka Serikalini hamsaidii jirani yake kupata fidia ya haki. Anampa mwenye mradi kisingizio cha kusema kwamba watu wa kijiji hicho hawazungumziki. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza nako kuna maandalizi yake.

Kwa viongozi wetu tunasema kwamba jambo hili halihitaji kungoja sheria mpya kutoka Dodoma. Halmashauri ya Kijiji inaweza kulipeleka katika Mkutano Mkuu na kulitungia sheria ndogo, ikaidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya anaweza kuwaelekeza Watendaji wa Kata na Vijiji kwamba mradi wowote unaogusa ardhi ya wananchi uanze kwa mkutano wa utaratibu, na awape mfano mmoja wa ajenda wa kufuatwa na wote. Madiwani wa Kilosa na Mikumi wanaweza kuuliza, kila mradi unapoletwa mbele yao: mkutano wa utaratibu ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi? Swali hilo moja, likiulizwa kila mara, litabadili mengi.

Katiba yetu inasema kwamba Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo hupimwa katika mambo kama haya: nani anapanga siku, nani anaweka ajenda, nani anabaki na nakala. Tunautaka Mkutano Mkuu unaofuata katika kila kijiji cha Chanzuru uanze na ajenda hii, hata kama hakuna mradi wowote uliokwisha kubisha hodi. Utaratibu uliopangwa kabla mgeni hajafika hauwezi kudaiwa kwamba ulipangwa ili kumkomoa.